Taja Unapopiga

Dalila alikuwa Mzanzibari kamili: aliweza kumsema mtu kutwa nzima bila ya kumwambia kitu. Mwaka ule wa 2007, akiwa mwaka wa pili chuoni Guangzhou, China, kaka yake Burhani alimtaka aache masomo awe mkalimani wake kwa wauza vitambaa wa soko la Zhongda. Dalila hakutaka, na jibu alilitoa kwa njia alizolelewa nazo. Kaka akija kumtembelea, alijifunga kanga yenye jina la kumkata mtu kauli. Burhani akaisifia rangi, akauliza kama Wachina wangeichapa kwa bei nafuu. Akamtilia chai isiyo na sukari. Burhani akainywa yote, akasema kweli, sukari si nzuri kwa umri wake. Mtu akiamua kujifanya kiziwi, Dalila aliwaza, utamfanya nini?

Hasira hizo ndizo zilizompeleka kwenye kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani unaochezwa kwa fimbo za mianzi na kofia yenye wavu wa chuma usoni. Aliyewafundisha ni Morita, Mjapani aliyesomesha lugha yake chuoni hapo, na yeye na Dalila walielewana kwa Kichina cha kuokoteza. Kabla ya kuvaa kofia, kila mtu sharti ajifunge kitambaa kichwani. Wavulana walihangaika nacho wiki nzima. Dalila aliwatazama tu, maana yeye mtandio wake alikuja nao kutoka kwao.

Alifaidika, hilo halina ubishi. Mwendo wa kuburuza nyayo sakafuni ulimnyoosha mgongo uliopindishwa na vitabu. Alijifunza kupumua kwa tumbo, akalala usingizi wa maana, na mkono ukawa mwepesi hata Respicius, Mhaya mrefu aliyesomea udaktari, akaanza kumwogopa. Ila pointi hakupata hata moja.

Siku ya mashindano alimchapa Respicius katikati ya kofia, ukumbi mzima ukasikia. Waamuzi hawakuinua bendera. Akamchapa tena, bendera zikabaki chini. Dalila akamfuata Morita, akamuuliza kwa adabu zote kama taa za ukumbi zinatosha.

"Umepiga, lakini hukutaja," Morita akamjibu. "Ukipiga kichwa, ita kichwa, kwa sauti, palepale. Usipotaja, hatuhesabu."

Dalila aliona huo ni ushamba mtupu. Kwao, anayepayuka ndiye aliyeshindwa. Lakini alipenda kushinda, basi akaanza kupayuka. Mwanzoni sauti ilimtoka kama ya paka aliyebanwa mlangoni, na Respicius alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Baada ya majuma kadhaa aliita "Men!", yaani kichwa, na bendera zote zikapanda. Alifurahi hadi akaona haya.

Jumamosi iliyofuata Burhani alimpeleka Zhongda. Mwenye duka, mama wa Kichina ambaye wafanyabiashara wote walimwita laobanniang, yaani bosi wa kike, aliwapa vigoda katikati ya majora ya vitambaa.

"Mwambie," Burhani alisema, "kuanzia mwezi ujao skuli basi. Utakuwa nami hapa kila siku."

Kumbe maneno yale yalitakiwa yapite kinywani mwake mwenyewe. Dalila alitafuta fumbo, na mafumbo yalikuwepo tele. Akavuta pumzi kwa tumbo.

"Kaka, siachi skuli."

Ilikuwa sauti ya ukumbini. Watu wa duka la pili waligeuka.

Burhani hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Dalila. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" aliuliza, na alikuwa akiuliza kweli.

Dalila alitaka kumtajia kanga, amtajie na chai. Lakini akazikumbuka bendera zilizobaki chini.

Laobanniang akamnyooshea Dalila kidole, akauliza kama huyu ndiye mkalimani mpya aliyeahidiwa. Dalila akageuka ili afasiri, lakini kidole kile Burhani alikuwa ameshakielewa. Kichina chake chote kilikuwa neno moja, lile ambalo kila mfanyabiashara hujifunza huko kwa kukataliwa.

"Meiyou," alimjibu mwenyewe. Hakuna.