Dirisha la Mjomba

Mama yangu hajawahi kumfungia mtu mlango. Muuza sabuni akibisha, anapewa kiti. Mtu aliyepotea njia anaelekezwa, kisha anapewa maji, kisha anaulizwa habari za watoto wake mpaka anasahau alikokuwa anakwenda. Nampenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nusura anitie wazimu, kwa sababu mimi na yeye tunatumia kompyuta moja.

Kompyuta iko sebuleni, kwenye meza iliyobanwa kati ya dirisha na kabati la vyombo. Asubuhi ni yangu. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na zote zimo humo: ngazi, vyumba na vyoo vya watu ambao hata kiwanja hawajasafisha. Alasiri ni ya Mama. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka na miaka, na mpaka leo vidole vyake vikishuka kwenye vitufe, aliye chumba cha pili anadhani mvua imeanza kunyesha.

Anaongea na mjomba. Mjomba ni mdogo wake wa pekee, anaishi mbali, safari ya basi ya kulala njiani. Misumeno ya kiwanda cha mbao ilimla masikio, kwa hiyo simu kwake ni ya kutazamia saa tu, na maandishi yake madogo hayaoni. Nikawawekea programu ya kuandikiana kwenye kompyuta, yetu na yake, herufi nimezikuza mpaka basi. Ina jina lake refu la kitaalamu, lakini humu ndani inaitwa dirisha la mjomba. Mama anaandika aya nzima kwa vidole kumi. Mjomba anajibu kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Wanasalimiana, wanakumbushana dawa, halafu wanagombana. Ugomvi wao ni ule ule tangu utotoni: usiku ule kicheche alipomaliza kuku wote wa baba yao, nani aliacha mlango wa banda wazi? Banda lilikuwa zamu ya mjomba, kwa hiyo kipigo alikula yeye, na mpaka leo hajakubali.

"NI WEWE DADA," anaandika.

"Kalale," Mama anamjibu, hata kama ni saa tisa mchana, kisha anacheka peke yake mpaka miwani inamshuka puani.

Sasa, asubuhi moja nilifungua ramani ya mteja, akatokea msichana wa tangazo, akacheza juu ya jiko nililokuwa nimelichora, akakataa kuondoka. Nikimfunga huyu, wanakuja wawili. Mashine nayo ikawa inakokota miguu.

"Mama, umebonyeza nini hapa?"

"Sijabonyeza kitu. Niliulizwa tu."

"Uliulizwa nini?"

"Waliniambia hongera, nimeshinda, wakauliza kama nakubali. Mtu anakupongeza, wewe utamwambia hapana?" Akakunja kanga yake mapajani. "Na wengine walisema wataisafisha kompyuta bure. Nikaona siku hizi umechoka, acha wakusaidie."

Nilipandisha sauti, siwezi kuficha. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata mkate ukigoma kukatika nagombana nao. Nikamwambia ramani zangu zikipotea tutakula vumbi, na akiendelea hivi kompyuta nitaifunga kwa nenosiri.

"Na mdogo wangu?" akauliza, pole pole.

Nikaenda kutafuta dawa.

Kwanza nilijifanya mjuaji. Nikapakua antivairasi ya bure, na kwa kuwa ni ya bure nikaongeza ya pili. Kumbe hazipatani. Kila moja iliiona mwenzake kuwa ndiyo adui, zikakamatana mashati humo ndani, na kompyuta ikaganda kabisa. Ikabidi niibebe mpaka kwa fundi wa mtaa wa nyuma, ambaye anapenda kuitwa Daktari na huvaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni.

"Dada, umefunga mbwa wawili wasiojuana kwenye ua mmoja," alisema, akifurahia sana. Maneno hayo lazima alikuwa nayo tayari. Akanieleza, akihesabu kwa vidole: antivairasi hupita vyumbani kumtafuta mgonjwa. Ya kuzuia ujasusi humtafuta aliyejificha chini ya kitanda anasikiliza mambo yenu. Na ukuta wa moto hukaa getini, anayeingia aulizwe, anayetoka aulizwe. "Unahitaji zote tatu, lakini moja moja. Sasa niambie, anayetumia mashine ni nani?"

"Mimi," nilisema. Niliona haya kumtaja Mama.

"Basi wewe ni msomi. Nakuwekea ukuta mkali, kila kitu unaamua mwenyewe." Akasafisha, akaweka, na mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nikamkalisha Mama. "Sasa hivi kuna mlinzi. Kikitokea kisanduku kinakuuliza Ruhusu au Kataa, wewe bonyeza Kataa. Chochote kile. Usisome, usihurumie mtu."

"Hata wakiomba vizuri?"

"Hasa wakiomba vizuri."

Alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayefundishwa utovu wa adabu na mtoto wake mwenyewe. Lakini Mama akiahidi kaahidi. Mambo yakatulia. Wachezaji wa matangazo wakatoweka, mashine ikawa nyepesi, nikamaliza ramani ya ghorofa mbili bila kutukana hata mara moja.

Isipokuwa ile mvua ya vidole ilikuwa imekatika. Mwanzoni sikuitilia maanani. Halafu nikaona Mama anakaa mbele ya skrini alasiri nzima, mikono mapajani. Chakula akawa anakionja tu. Siku moja muuza sabuni alibisha, akaambiwa aje siku nyingine, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mjomba hajambo?"

"Atakuwa na shughuli zake."

"Mmegombana?"

Akavua miwani. "Mara ya mwisho nilimwambia kichwa chake kigumu kuliko mbao zake. Labda zamu hii ilimuuma. Nimemwandikia salamu, nimemwandikia pole, hanijibu. Nakiona tu kile kiduara kinazunguka. Namwona anafikiria, anafikiria, halafu anaghairi."

Nilidhani ni utani wa uzee wao, watapatana. Nikarudi kwenye mistari yangu. Lakini kesho yake alasiri nilibaki mezani kunoa penseli, Mama akawasha kompyuta ili aandike, na kisanduku kikaruka katikati ya skrini. Hakukisoma. Akakibonyezea Kataa kwa kidole cha mwisho, kama anayefukuza nzi kwenye maziwa.

"Umeona?" akasema, na kwa mara ya kwanza siku hizo akatabasamu kidogo. "Huyu ni king'ang'anizi kuliko wote. Kila siku anakuja, kila siku namtimua. Mimi sichezewi tena."

Nilikuwa nimelisoma jina, lile refu la kitaalamu. Nikaweka penseli chini.

"Mama," nilisema, "huyo ni mjomba."

Hakuelewa. Nikamwonyesha, nikamweleza kwamba dirisha la mjomba nalo huomba njia kila linapofunguliwa, kwamba kila alipokataa, salamu zake hazikutoka wala za mjomba hazikuingia, na kwamba kile kiduara si mtu anayefikiria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Nimemfungia mlango mdogo wangu."

"Ni mimi niliyekuambia, Mama. Wewe umetii tu."

"Nimemfungia kwa kufuli," akasema. Nilimkumbatia na kiti chake, nikalifungua dirisha upya, kisanduku kikaja, nikashika mkono wake juu ya kipanya tukabonyeza Ruhusu pamoja.

Kiduara kilizunguka, kikaacha. Kisha yakaanza kuingia, moja juu ya jingine.

"DADA UKO WAPI."

"UMENUNA."

"HAYA NUNA. MIMI PIA NIMENUNA."

"UMEMEZA DAWA."

"DADA KICHWA CHANGU NI KIGUMU KWELI. UMESEMA KWELI. NIJIBU."

"UNAUMWA."

Na la mwisho, la asubuhi ile: "BASI NAKUBALI. MLANGO WA BANDA NILIUACHA MIMI. NIMEKUBALI SASA. NIJIBU DADA YANGU."

Mama alilisoma hilo la mwisho mara mbili, midomo ikicheza. Machozi yalimshuka hadi kidevuni na hakuyafuta. Akaniomba nimpishe kidogo.

Nilitoka uani nikampigia Daktari. "Uliniuliza anayetumia ni nani, nikakudanganya," nilisema. "Anayetumia ni mama yangu. Nataka mlinzi anayejua kazi yake, awafukuze wezi mwenyewe, asimuulize Mama hata swali moja. Mama hawezi kumkatalia mtu, na mimi sitaki tena ajifunze."

"Yupo," alisema. "Lakini si mkali kama yule, dada."

"Simtaki mkali. Nyumba hii mkali yupo tayari." Akacheka, akasema nije kesho.

Huku ndani nikaisikia mvua. Ilinyesha kwa nguvu, ikasita, ikanyesha tena. Niliporudi Mama alikuwa ameegemea kiti, miwani mkononi, amekwisha andika. Nilisoma juu ya bega lake. Alimweleza mjomba habari za kisanduku na kufuli, akamwomba radhi, akamtaka asimeze dawa bila kula. Kisha chini kabisa, peke yake: "Na usinidanganye. Jioni ile niliingia bandani kutafuta yai la kuiba, nikatoka nikikimbia. Mlango niliuacha mimi. Ulipigwa kwa ajili yangu, na mimi nilikaa kimya maisha yote haya."

Tulingoja. Kidole kimoja kinachukua muda wake. Mama alinishika mkono, akaubana.

"NAJUA DADA," ikaja. "NILIKUONA UNATOKA."

Halafu: "BABA SIKUMWAMBIA. UNGEPIGWA. HAYA KALALE."