Mwanamfalme wa Lyon

Kwa miaka kumi na minane nilimfunga Léontine Vasseur kifua kwa kitambaa cha kitani, nikikaza mpaka apumue kwa shida, kisha nikamvisha suruali ya kubana na upanga wa bati. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye ukumbi wetu wa dansi ya baleti hapa Lyon: binti mfalme alichezwa na mwanamke, na mwanamfalme naye vilevile. Mabwana wa viti vya mbele walikuja kutazama miguu ya wanawake, si ya wanaume wenzao. Léontine alipofika miaka kumi na sita alikuwa amewapita wenzake wote kwa kichwa kizima. Wakamkata nywele, na tangu siku hiyo hakuvaa gauni jukwaani.

Binti mfalme wake alikuwa Berthe Collignon, mwepesi wa miguu na wa machozi. Walicheza pamoja miaka kumi na miwili. Mara mbili Léontine aliteguka bega akimdaka, na mara zote mbili aliendelea kucheza huku akitabasamu.

Vuli ya mwaka 1911 mkurugenzi alirudi kutoka Paris akiwa hana habari nyingine ila wanaume wa Kirusi na miruko yao. Akaajiri kijana wa Milano, Attilio Ferraguti. Akamwambia Léontine amfundishe kijana sehemu yake, kisha yeye atakuwa mama malkia, wa kukaa kwenye kiti. Mzee yule hakuona hata haya.

Léontine hakutishika.

"Berthe hachezi na mwanamume," aliniambia. "Aliapa humuhumu chumbani mwa kuvalia, na wewe ulikuwepo."

Kweli nilikuwepo. Na bila Berthe hapakuwa na onyesho, kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo moyo wangu ulikataa kutulia.

"Mfundishe kombo," nikamwambia. "Akanyage gauni mbele za watu, arudishwe kwao."

"Kwani kijana wa watu kakosa nini, Jeanneton?"

Akamfundisha vizuri, tena kwa subira, hatua kwa hatua. Nilimkasirikia kwa hilo, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Siku ya tatu Berthe akaitwa ajaribu naye. Alikuja uso umenuna, akampa Attilio ncha za vidole tu, nami nikaanza kupata matumaini. Wakafika pale binti mfalme anapomkimbilia mpenzi wake. Léontine humpokea kwa mikono miwili na kuzunguka naye chini, maana kumwinua hawezi, hakuna mwanamke awezaye. Attilio alimshika kiunoni akampandisha juu, mikono ikanyooka kabisa.

Berthe akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha mtoto aliyebebwa na baba yake. Aliposhushwa hakutazama upande wetu. Alijipangusa jasho, akarekebisha nywele.

"Tena," akasema. "Shoga, tuhesabie, mpiga piano anatuchelewesha."

Mimi ningeutupa upanga ule na kwenda zangu. Rangi ilimtoka Léontine. Kisha akapiga makofi mawili ya kuanzia, akawahesabia, na walipokosea akawasimamisha, akamwambia Berthe akimbie kwa kasi zaidi ndipo apande juu zaidi.