Kura ya Huruma kwa Sufuria

Nywele za fundi cherehani zilikuwa zimeanza kufunika masikio, na hilo peke yake lilitosha kuutangazia mtaa mzima kwamba mambo yameharibika. Ukuta wa duka lake ndio ukuta wa kinyozi. Tangu ujana wao alinyolewa bure, na kinyozi akapunguziwa suruali bure, maana alikuwa mfupi na suruali zote za dunia zilimzidi. Sasa mwezi ulikuwa unakatika na hawajapeana hata salamu.

Chanzo kilikuwa kichwa kingine kabisa: kichwa cha treni.

Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha wapenda treni, na fundi ndiye mwenyekiti. Vichwa vya zamani vya dizeli vilikuwa vinauzwa kama vyuma chakavu, ila mkuu wa stesheni aliwakubalia waokoe kimoja, kipakwe rangi na kusimamishwa mbele ya jengo. Vilivyostahili vilikuwa viwili.

Cha kwanza kiliitwa Kikohozi. Kilikuwa kirefu, pua imetangulia mbele, na kila kikiwashwa kilikohoa moshi mweusi, kikakohoa tena, ndipo kikashika na kunguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Fundi alikipenda kupita kiasi. Kikipita wakati anampima mteja, alimwacha amesimama mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, akatulia na pini zake mdomoni mpaka behewa la mwisho limepita.

Cha pili kiliitwa Sufuria. Hicho kilikuwa cha kupanga mabehewa yadini, ule uwanja wa reli kando ya stesheni: kifupi, butu, rangi imebabuka. Hakikuwahi kwenda popote. Kilisukuma mabehewa yakajipanga, kisha vichwa vikubwa vikaja kuyachukua na kuondoka nayo kwa mbwembwe.

Kura ilikuwa ya siri. Kila mwanachama alipewa nati moja na washa moja, ile ya bapa yenye tundu. Nati ni Kikohozi, washa ni Sufuria. Unadumbukiza moja kwenye kopo, unabaki na nyingine. Katibu alitandika tambara chini ya kopo ili mlio usimuumbue mtu.

Binti wa fundi naye alikuwa mwanachama. Walimwita Kimya, kwa sababu alihudhuria mikutano yote na hakuna aliyeijua sauti yake. Alisoma chuo, alifanya kazi maabara, na baba yake alipenda kusema kwamba amechagua kazi hiyo kwa vile chupa haziulizi maswali. Siku ya kura, kila aliyesimama alikisifia Kikohozi. Mmoja akasema, "Hiyo Sufuria hata wezi waliikagua wakaiacha!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kimya akatazama dirishani, akaiona imesimama peke yake yadini, akajisikia kama anamtazama mtoto ambaye wenzake wamegawana timu zote mbili wakamwacha pembeni. Haitapata hata kura moja, aliwaza. Kikohozi kitashinda tu. Akadumbukiza washa.

Sufuria ilishinda kwa kura moja. Inaonekana hakuwa peke yake mwenye huruma.

Katibu aliposoma matokeo, kinyozi alicheka. Kinyozi hucheka kila kitu, hata akijikata kidole. Lakini fundi, aliyekuwa amewahesabu watu wake vizuri, alimgeukia akasema, "Kumbe ni wewe." Kinyozi akatoa washa mfukoni, kuonyesha kwamba nati yake imo koponi.

"Washa!" fundi alisema. "Zimejaa kila gereji. Umeokota ngapi njiani?"

Toka siku hiyo, ukuta wao ukawa ukuta kweli.

Asubuhi ambayo wakataji walileta mitungi yao ya gesi yadini kukikata Kikohozi, Kimya alimpelekea baba yake chai dukani. Kutoka upande wa stesheni ulisikika mvumo wa moto unaokula chuma. Fundi alikuwa ameushika mkasi bila kukata kitu.

"Unasikia?" alisema. "Wanaanzia puani."

"Nasikia, Baba."

"Mtu amenishikia wembe shingoni miaka yote, kumbe anangoja siku." Akapuliza chai ambayo haikuwa na moto wowote. "Heri yangu wewe, mwanangu. Angalau nyumbani nina mtu."

Chai inayochemka angemmwagia usoni isingemuunguza Kimya kama maneno hayo. Kila usiku tangu kura alijiahidi kusema, na kila asubuhi ulimi uligoma. Nati ilikuwa mfukoni mwa sketi yake, aliihamisha toka nguo hadi nguo kama mtu anayeogopa kukutwa nayo na vilevile anaogopa kuitupa. Aliitoa, akaiweka juu ya kitambaa, mbele ya baba yake.

Fundi aliitazama nati. Kisha akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Akaichukua nati, akatoka. Kimya akamfuata hadi mlango wa kinyozi.

Ndani kulikuwa na mteja mmoja kwenye benchi, anangoja zamu. Fundi akaiweka nati chini ya kioo.

"Hii ni yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyetia washa."

Kinyozi alicheka mpaka akashika meza. "Mwenyekiti! Wewe mwenyewe! Jumamosi mkutanoni nakisimulia chama kizima, utaazima shuka ujifunike!"

"Sawa. Ninyoe basi."

Lakini kicheko kilikatika ghafla. Kinyozi alifuta macho, na alipoondoa mkono hakuwa mtu wa kucheka tena.

"Ngoja kwanza, Fundi. Ulikuwa unajua ni wewe? Unanipita mlangoni kama unapita nguzo ya umeme, mke wangu ananiuliza nimekuibia nini, nakosa la kumjibu. Na wewe unajua?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Toka," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Kanyolewe mjini."

"Si yeye," Kimya alisema.

Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekanyagwa. Kinyozi aligeuka kutafuta nani ameongea.

"Baba mdogo, si yeye, ni mimi. Nati ni yangu. Baba amejua sasa hivi tu. Niliogopa kusema, nikakuacha unasingiziwa. Nisamehe."

"Kimya ana sauti!" mteja wa benchi alisema. Hakuna aliyemjali.

Kinyozi alimgeukia fundi. "Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua. Lakini nilikusingizia, na sikuuliza mara mbili. Hilo ni langu."

"Ni lako, naam." Kinyozi akakung'uta shuka, akaelekeza kiti kwa kidevu. "Kaa. Usitikisike, bado nina hasira."

Fundi akakaa. Povu lilikuwa limeshapakwa nyuma ya shingo pale kipande kikubwa cha chuma kilipoanguka yadini, kwa mguno mrefu uliopita chini ya sakafu. Wembe ukasimama hewani. Kimya alimwona baba yake kiooni amefumba macho.

"Nisamehe, Baba."

"Leo usiniombe," alisema, bila ukali. "Leo bado."

Mkasi ukalia kidogo kuzunguka sikio. Kisha fundi akauliza, macho bado yamefumbwa, kwa sauti ile aliyoitumia na wanachama wenzake Jumamosi: "Hiyo Sufuria. Hebu niambie ina nini."

Kimya alimtazama kiooni. "Vichwa vingine vikija kuunganishwa, vinagonga. Mabehewa yote yanaruka mpaka la mwisho. Sufuria haigongi. Inakuja polepole, inagusa kwanza, inatulia, ndipo inasukuma."

"Inagusa kwanza?"

"Ndiyo, Baba. Hata behewa likiwa tupu. Nimeitazama tangu nikiwa mdogo."

Kipande kingine kikaanguka yadini. Kimya akangoja kelele iishe. Haikuisha, wakataji walikuwa wameingia kazini hasa. Akasogea karibu na kiti, akapaza sauti, akaendelea.