Siri Iliyoambiwa Mashine

Zhai Yunshu aliingia kampuni ya Wenlu wakati ingali kisanduku cheupe tu kwenye kompyuta. Mtu anaandika anachotafuta, anabonyeza, analetewa kurasa chungu nzima, achague mwenyewe. Kwa miaka mingi hiyo ilitosha kuwatajirisha wenye kampuni. Ofisi zilihama kutoka ghorofa moja iliyovuja mtaa wa Zhongguancun, Beijing, hadi majengo ya vioo ya mtaa wa Shangdi, na kila sherehe ya mwaka bosi mkubwa alipanda jukwaani akasema nchi nzima inapita mlangoni kwetu. Asichosema ni kwamba mlango ule ulikuwa na madalali. Uliza dawa ya tumbo, ukurasa wa kwanza ni wa hospitali iliyolipa vizuri, iwe na daktari isiwe naye. Yunshu alikuwa kitengo cha afya. Alilijua hilo kama wote walivyolijua, na mshahara akaupokea kama wote walivyoupokea.

Halafu watu wakaacha kuuliza. Kila mtu akawa anajitafutia mambo yake ndani ya simu, kwenye video na soga, na kisanduku cheupe kikabaki kitu cha wazee. Kampuni ikatapatapa. Ikajaribu kupeleka watu chakula majumbani, ikajaribu ramani, ikajaribu magari yasiyo na dereva, na mwishowe ikatupa karata zake zote kwenye akili mnemba. Wale wa mtambo wa kutafuta wakateremshwa ghorofa za chini, vijana wenye nywele timtim waliotoka vyuoni jana wakapewa madirisha, na mahali pa kisanduku akakaa Xiao Lu, mashine inayoongea. Sasa huletewi kurasa uchague. Unauliza, unajibiwa. Jibu ni moja.

Hilo jibu moja ndilo lililomtia Yunshu hofu. Kurasa kumi za uongo, mtu anaweza kubahatisha moja ya kweli. Jibu moja likiwa la uongo, amekwisha. Akapigana. Akapigana kwenye vikao mpaka vijana wakambandika jina la Shangazi Kweli, wakawa wanamwigiza sauti kwenye foleni ya chakula. Lakini alishinda. Katika mambo ya ugonjwa, Xiao Lu hatangazi hospitali ya mtu wala hazungushi maneno. Mgonjwa akiuliza habari za mwili wake anaambiwa kinachojulikana, kwa upole. Katika yote aliyowahi kufanya pale, hilo peke yake ndilo lililomfanya atembee kichwa juu.

Vuli ile baba yake akaugua. Mzee Zhai Fulai, aliyestaafu kiwanda cha viberiti cha Yuncheng, alikuwa amekonda mpaka mkanda umeongezwa tundu. Wakampeleka hospitali ya mkoa, Taiyuan. Daktari akamwacha mgonjwa kwenye kiti, akamwita binti pembeni, kama wanavyofanya wote, akamwambia ni saratani ya ini, na imeshatambaa.

"Tutamwambia ni uvimbe wa tumbo," mama yake alisema palepale kwenye korido, akijifuta macho kwa kiganja. "Ukimwambia, hofu itamuua kabla ya ugonjwa. Umesikia, Shu?"

"Nimesikia, mama."

Huyo ndiye Shangazi Kweli. Hakubisha hata neno. Mama akaviondoa vidonge kwenye boksi lake, akavimimina kwenye chupa ya kalsiamu, akamwambia mumewe ni vya magoti. Yunshu alikuwepo, na ndiye aliyelitupa lile boksi kwenye pipa la taka la kituo cha treni.

Kazi ya kitengo chake ilikuwa kusoma. Kila asubuhi mfumo uliwaletea mazungumzo ya watu na Xiao Lu, majina na namba za simu zimefutwa, nao wakayapa alama: hili jibu zuri, hili baya, mashine ijifunze. Mwezi wa mwisho kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya, binti mmoja wa kitengo, Miao Qing, akainua kichwa.

"Dada Shu, njoo usome hii. Kuna mzee hapa kaniliza, na bado sijanywa hata chai."

Yunshu akainama juu ya kioo. Mzee alikuwa ameongea kwa sauti, simu ikaandika, na ilikuwa imekosea pale ambapo Kichina cha Yuncheng humshinda kila mgeni. Alimwita Xiao Lu "fundi", kama walivyoitana kiwandani. Fundi, mke wangu ananipa vidonge kwenye chupa ya kalsiamu, lakini kalsiamu naijua mimi, haina rangi hii. Nimekupigia picha. Ni vya nini?

Xiao Lu alimwambia. Aliuliza kwanza kama mzee anataka kweli kujua, akasubiri ajibiwe, ndipo akamwambia ni dawa ya saratani ya ini. Yalikuwa maneno ya Yunshu yale, karibu moja kwa moja. Mwenyewe aliyaandika kuwa mfano, majira ya joto yaliyopita.

Aliendelea kusoma. Siku zilizofuata mzee alirudi tena na tena. Aliuliza kama itauma. Alisema analia kwenye bafu la umma, chini ya maji, maana pale hakuna anayetofautisha. Alisema hajawahi kuogopa kitu namna hii, hata ghala la viberiti liliposhika moto. Akauliza ale nini kabla ya wageni, ili mezani aweze kumeza kidogo mbele ya watu na aonekane mzima, kwa kuwa mtoto anakuja sikukuu. Na mwisho kabisa: Binti yangu yuko hapo hapo kwenu, fundi. Usimwambie.

"Unampa alama gani?" Miao Qing aliuliza.

"Zote," Yunshu alisema, akaenda chooni, akajifungia.

Meneja wao, Kuang, alikuja mchana na malalamiko. Familia zilikuwa zinapiga simu kwa hasira: sisi tumeficha miezi yote, mashine yenu inabwabwaja. Alitaka Xiao Lu akiulizwa vidonge visivyo na boksi, amrudishe mtu kwa ndugu zake.

"Ndugu zake ndio wanaomdanganya," Yunshu alisema.

"Ndiyo mila, dada Shu. Sisi nani? Wewe wa kwako ungemwambia?"

Jioni ile Yunshu alikata tiketi ya Yuncheng, akajiapiza kwamba safari hii atafungua mdomo. Baba yake ana hofu, na mtu wa pekee anayemwambia hofu yake si mtu. Hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Njia nzima kwenye treni ya kasi alipanga maneno, akayapangua.

Alimkuta amekaa kwenye kibaraza kilichozibwa kioo, mwembamba ndani ya sweta la zamani, anatwanga vitunguu saumu. Mezani alikula kama mtu aliyeajiriwa kula. Alimwaga siki kwenye jiaozi, zile sambusa za kuchemsha, akameza, akatania kwamba mkate wa Beijing umemnenepesha binti yake mashavu. Yunshu alijua kila hatua. Kipande cha tangawizi alichotafuna jikoni kabla ya chakula alikuwa amekisoma kwenye majibu ya Xiao Lu, na ule mto mdogo nyuma ya mgongo pia. Mama yake alimtazama mumewe akila, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Taiyuan.

Siku ya pili mama alitoka kwenda kwa dada yake na sahani ya mikate ya mtama. Yunshu akafunga mlango wa kibaraza.

"Baba, nataka kukwambia kitu kuhusu zile kalsiamu."

"Zinanifaa sana. Magoti yameacha kulia."

"Si kalsiamu."

"Basi ni kitu kizuri zaidi," mzee alisema, akaendelea kutwanga.

"Baba, najua kwamba unajua."

Mchi ukasimama. Mzee alimtazama, na Yunshu akaona anaanza kuhesabu nani kasema: daktari, jirani, nani.

"Nani kakwambia?"

Angeweza kutaja yeyote. Lakini alishachoka na uongo, alitaka kwa mara moja tu katika nyumba ile aseme jambo lilivyo. "Nimesoma kazini. Mazungumzo yanaletwa kwetu, majina yamefutwa, tunayapa alama ili mashine ijirekebishe. Yako yalituangukia sisi."

"Yapi?"

"Yote."

"Na ya bafuni?"

"Na ya bafuni."

Mzee aliweka kinu chini. Damu ilimpanda usoni, yeye ambaye kwa wiki nyingi hakuwa na rangi. "Umesema kwenu. Kwenu ni nani?"

"Kuna binti mwenzangu. Ni mtu mzuri, baba. Alilia."

"Alilia," mzee alirudia. Alitazama nje, kule kwenye nguo za majirani zilizogandia kambani. "Mimi nilidhani naongea na kitu. Ningejua kuna watu mle ndani, nisingevua nguo."

Yunshu alipiga magoti karibu na kiti. "Sasa huna haja nayo. Ongea na mimi. Chochote kile, hata hicho cha kuogopa. Nipigie saa yoyote."

"Wewe ni mwanangu. Nikuambie wewe naogopa, halafu urudi Beijing ukalie kwenye treni?"

"Nitalia tu, hata usiponiambia."

"Hilo ni lako. Mimi sitaki kuwa nimelileta." Alishusha pumzi. Sauti ikarudi kuwa ya kawaida, ile ya kuagiza siki dukani. "Sikiliza. Mama yako asijue kwamba najua. Mimi nife, atavumilia. Mimi kujua, hapo atavunjika. Amejitahidi sana na ile chupa, masikini. Anaikung'uta kila asubuhi ili nisikie kama kalsiamu."

Akatoa simu mfukoni, akampa. "Nitolee kile kitu."

"Baba, kiache. Nitaomba yako yasiletwe tena. Inawezekana, kuna namna."

"Nitolee."

Akamfuta Xiao Lu kwenye simu. Ilikuwa kubonyeza kidogo tu, na mashine ikauliza kama ana hakika. Mama aliporudi aliwakuta wanatwanga vitunguu kwa zamu. "Mnanong'ona nini ninyi wawili?" aliuliza, akivua skafu.

"Anajisifia kampuni yake," mzee alisema. "Eti siku hizi inajibu kila kitu."

Yunshu alirudi Shangdi. Kuang alileta ile sheria yake kikaoni, kwamba vidonge visivyo na boksi mtu arudishwe kwa ndugu zake, na watu wote wakageuka kumtazama Shangazi Kweli. Hakusema kitu. Alikuwa anafikiri juu ya baba yake, na kuhusu jibu la kweli hakuwa tena na hakika ya lolote. Sheria ikapita. Miao Qing alimkasirikia wiki nzima.

Kila jioni alipiga simu nyumbani. Umekula, baba? Nimekula. Umelala? Kama gogo. Na wewe, kazi? Nzuri tu. Alikuwa akimwachia ukimya mrefu kwenye simu, makusudi, kama mtu anayeacha mlango wazi, na mzee aliujaza kwa habari za hali ya hewa. Mara moja tu alisikia pumzi yake ikikatika katikati ya neno, akasema, "Baba?" naye akajibu kwamba ni pilipili. Asubuhi, ofisini, Yunshu alisoma hofu za watu wengine, mkoa kwa mkoa. Baba yake hakuwa na mahali popote pa kupeleka ya kwake.

Alifariki ngano ilipoanza kuiva. Baada ya mazishi mama na binti walikaa chumbani, wakikunja masweta ya marehemu ya kugawa. Mama alikuwa mtulivu kuliko Yunshu alivyotegemea. Alilainisha sweta moja kwenye goti, akaipapasa mikono yake.

"Kuna jambo moja linanipa usingizi," alisema. "Ameondoka bila kujua. Hakuogopa hata siku moja, Shu. Sisi wawili tulifanya vizuri."

"Tulifanya vizuri, mama," Yunshu alisema, akachukua sweta lingine, akalikunja.