Jina la Kumi na Tatu

Jumatatu asubuhi Minza alikuwa anatia mafuta cherehani yake pale Sumbawanga mjini, Mzee Adriano, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, akamletea kitambaa cheupe cha kasula, vazi la padri la misa, ya jubilei ya parokia. Alitaka kifuani pa padri patariziwe majina ya jumuiya zote kumi na mbili za parokia, kama Haruni alivyobeba makabila ya Israeli juu ya moyo wake alipoingia patakatifu.

"Shikamoo, mzee. Jumuiya si ziko kumi na tatu? Na sisi wa jumuiya ya Bakhita?"

"Marahaba. Ninyi wafugaji ni watu wa kuhamahama. Mtatambuliwa mkitulia."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walishalishika, wanavuna mahindi Ufipa mwaka wa kumi na tisa. Ila jumuiya isiyotambuliwa haitoi barua, na pasipo barua padri haji kuzika. Bundala, baba yake Minza, alizikwa bila padri. Sasa mama yake, Hellena, alikuwa kitandani, na Minza aliapa hatazikwa hivyo.

Alitarizi majina kumi na mawili, bila hila. Kesho yake yalikuwa kumi na tatu. Bakhita lilikaa katikati, mshono safi kuliko wake. Adriano akalifumua kwa wembe, mwenyewe. Jumatano limerudi. Akalifumua tena. Alhamisi limerudi, limenenepa kidogo.

"Acha ubishi, Mama Shija," Adriano akamwambia Minza.

"Mimi sijaligusa, mzee. Gombana na uzi. Na ungeniambia nilifumue, nisingelifumua."

Halmashauri ilikaa, ikanywa chai, ikaona kasula imependeza, jina libaki. Orodha ya ofisini ni jambo lingine. Iliachwa na kumi na mbili.

Hellena alifariki Ijumaa. Barua haikupatikana.

Jumapili saa nne Padri Nestory alipanda altareni na Bakhita kifuani, kanisa zima likapiga vigelegele. Saa hiyohiyo, kule kwa wafugaji, Minza alisimama kichwani pa kaburi la mama yake akiwa na kitabu cha ibada ya maziko. Alisoma kwa sauti ya kufika barabarani, na jumuiya yake ikaitikia. Sehemu za padri nazo alizisoma, hakuruka hata mstari.