Maziwa ya Bomba la Tatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi mwaka 2019, saa ya kukamua jioni, Kisyeri Wangwe akiwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake na kibuyu katikati ya magoti. Mgambo wawili waliingia zizini bila kubisha hodi. Mmoja alikuwa Joram, kijana wa hapo hapo Kemorara, ambaye Kisyeri alimjua tangu hajaanza kuvaa kaptula. Mwingine alikuwa mgeni, na ndiye aliyeshika kamba.

Kosa lilikuwa la mawe. Kijiji kilikuwa kinajenga maabara ya sekondari, na kila kaya ilipangiwa siku yake ya kusomba mawe kutoka mtoni. Siku ya kaya ya Kisyeri ilipita bila jiwe hata moja, kwa sababu mkewe Wegesa alikuwa mgonjwa kitandani na hapakuwa na wa kumwachia isipokuwa Scholastica, binti yao wa darasa la tano. Wegesa alikuwa hamezi kitu ila maziwa ya ng'ombe huyo, yakiwa bado na joto la kiwele, asubuhi kikombe na jioni kikombe. Uji aliutema. Mchuzi aliutema. Maziwa ya jirani aliyanusa tu, akageukia ukutani.

Kisyeri alimweleza Joram yote hayo bila kuinuka. Joram alisikiliza, akasogea kando ya uzio, akampigia simu mtendaji wa kata, bwana Nyangwine. Waliongea kidogo. Kisyeri aliiona midomo ya Joram ikicheza, akamwona akiitikia kwa kichwa kana kwamba aliyeko upande wa pili anamtazama. Kisha Joram akarudisha simu mfukoni.

"Mzee, tunaenda naye," alisema.

Wakamfungua ng'ombe kabla hajamaliza kukamuliwa.

Ng'ombe huyo aliitwa Sirari, kwa kuwa alinunuliwa kwenye mnada wa Sirari, kwa dhahabu kidogo ambayo Kisyeri aliitoa kwenye mashimo ya Nyakunguru enzi za nguvu zake. Alikuwa na mabaka meusi, na tabia moja: kabla ya kuachia maziwa alipiga kwato chini mara moja, kama mtu anayefunga mlango. Alichinjwa Alhamisi, siku ya kumwaga zege, akaliwa na mafundi na wageni waliokuja kuweka jiwe la msingi. Mifupa yake ilitupwa kwenye msingi pamoja na kifusi. Wegesa alifariki Jumapili. Ndama wa Sirari naye hakuweza kuishi kwa uji wa mahindi. Kisyeri alimchuna, akaikausha ngozi, akaitundika jikoni, juu ya kigoda alichokuwa akikalia Wegesa. Hakujua anaitunzia nini. Aliiacha hapo, moshi ukaipaka.

Maabara ilikamilika baada ya miaka mitatu. Ilipakwa rangi, ikawekewa meza za zege, sinki sita na mabomba sita yanayong'aa. Mabomba hayakuunganishwa na kitu chochote. Tangi la maji lilisemekana liko njiani, na njiani ndiko lilikokaa. Wanafunzi walijifunza sayansi kwa chaki. Walichora chupa ubaoni, wakachora moto chini yake, wakaandika kwamba kimiminika kimebadilika rangi. Kisyeri, ambaye mwenyewe aliishia darasa la tatu, alikuwa akipita nje na jembe lake begani, akichungulia dirishani, akiona watoto wanakodolea macho moto wa kuchora. Alitema mate, akaendelea na safari yake. Wakubwa walikuwa wameshapiga picha mbele ya jengo, na kwao kazi ilikuwa imekwisha.

Mwezi Februari mwaka 2024, Scholastica akiwa kidato cha tatu, alifungua bomba la tatu ili afute vumbi ndani yake. Chini ya sakafu kitu kilipiga mara moja. Maziwa yakatoka, ya moto, na povu juu.

Mwalimu Mayunga, aliyefundisha baiolojia na kemia, alikuja akachovya kidole, akaonja. Alikuwa mtu wa Bariadi, amekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe.

"Ya leo haya," alisema. "Leteni chombo, yasimwagike bure."

Kipindi chenyewe kilikuwa cha kupima vyakula, kwa hiyo hawakupoteza muda. Waligawana maziwa kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa. Mayunga alitoa begini mwake dawa alizojinunulia mwenyewe. Walipotia ayodini, hakuna kilichogeuka bluu, maana yake maziwa hayana wanga. Walipotia magadi makali na matone ya salfeti ya shaba, yaligeuka zambarau, maana yake yana protini. Ilikuwa mara ya kwanza darasa lile kuona rangi ikibadilika bila kuambiwa kwamba imebadilika. Jenipha, aliyekaa meza moja na Scholastica, aliuliza kama waandike maziwa au maji ya bomba.

"Andika sampuli A," alisema mwalimu.

Mkuu wa shule aliletewa kikombe ofisini. Alikunywa, akasema hakuna tatizo ilimradi si maji, kwa sababu shule haina kibali cha maji.

Bomba lilitoa asubuhi na jioni tu. Mchana lilikuwa kavu kama mengine. Wanafunzi wa chumba cha jirani walizoea kusikia ukuta ukicheua wakati wa hesabu. Kisha, wiki ya pili, maziwa yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Mayunga aliweka kiganja sakafuni chini ya sinki. Palikuwa na joto.

"Yupo," alisema. "Anazuia tu. Huyu anataka ndama wake, au hata ngozi yake."

Hapo Scholastica akakumbuka kile kishindo cha kwato.

Jioni ile alimkuta baba yake anapukuchua mahindi. Alimwamkia, akakaa karibu, akaanza kupukuchua naye. Alimweleza kwamba shule zinatakiwa kupeleka utafiti kwenye maonyesho ya sayansi, na kwamba yeye na Jenipha wamechagua kutafuta chanzo cha maziwa ya bomba la tatu.

"Chanzo mnakijua," alisema Kisyeri.

"Kujua haitoshi, baba. Lazima tuthibitishe."

"Mkishathibitisha?"

"Watakubali kwamba ni wa kwetu. Wataandika jina lako, na namna alivyochukuliwa, na kwa nini kaya yetu haikusomba mawe."

Kisyeri alitazama ngozi jikoni. Miaka mitano alikuwa amezunguka kwa mwenyekiti, kwa diwani, hadi kwenye mkutano wa hadhara, akitaka mtu mmoja tu mwenye mhuri aseme: tulimchukua, tukijua. Kila alipofika aliambiwa jambo hilo ni la ngazi nyingine. Magoti yalikuwa yanamuuma. Aliinuka, akaitungua ngozi, akaikung'uta masizi.

"Chukua," alisema. "Mimi nimechoka kuwaambia kwa mdomo."

Utafiti ulifanywa kwa utaratibu. Walikuwa na ngozi tatu: ya ndama wa Sirari, ya ndama mwingine waliyoazima kwa jirani, na ya mbuzi. Kila asubuhi waliweka moja mezani, wakafungua bomba, wakasubiri. Ngozi ya mbuzi haikuleta kitu. Ngozi ya ndama wa jirani ilileta mvumo wa pumzi kwenye bomba, kisha kimya. Ngozi ya ndama wa Sirari ilipowekwa, kwato lilipiga na maziwa yakajaa ndoo. Walibadilisha mpangilio, wakafunika ngozi kwa shuka ili bomba lisizione, wakarudia tena. Matokeo hayakubadilika.

"Wewe Scholastica una bahati," alisema Jenipha, akifuta povu kwenye sinki. "Wenzako wanarithi shamba, wewe umerithi bomba."

"Nenda ukawaambie wakugawie na wewe. Walichukua ng'ombe wengi."

"Kwetu walichukua baiskeli. Sijui itatokea wapi."

Kisyeri alikwenda kuona mara moja, jioni, saa ile ile ya kukamua. Ufunguo wa maabara ulikuwa kwa Joram, ambaye siku hizi alikuwa mlinzi wa shule. Joram alimwamkia shikamoo, akafungua, akabaki mlangoni. Kisyeri alichuchumaa mbele ya sinki, ingawa bomba lilikuwa juu na angeweza kusimama, akasema kwa Kikurya yale maneno aliyozoea kumwambia Sirari. Maziwa yakatoka taratibu. Alikinga kikombe kimoja. Alikibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili, kisimwagike, akafika nacho kikiwa bado na joto. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alisimama hapo kidogo. Halafu akampa paka.

Siku ya maonyesho viti vya plastiki vilipangwa ndani ya maabara. Mgeni rasmi alikuwa bwana Nyangwine, ambaye tangu siku zile alikuwa amepandishwa, sasa ana gari na mtu wa kumfungulia mlango. Kisyeri alikaa nyuma pamoja na wazazi wengine, amevaa koti la mazishi.

Scholastica alisimama mbele ya bomba la tatu akaeleza tatizo, njia waliyotumia na matokeo. Alimalizia kwamba maziwa haya ni ya ng'ombe Sirari, mali ya Kisyeri Wangwe, aliyechukuliwa na mgambo kwa sababu ya mawe, wakati mama wa kaya hiyo akiwa haishi kwa kitu kingine ila maziwa yake.

Jaji mmoja aliuliza kwa nini hawakujaribu na ng'ombe wengine.

"Wengine hawakujengewa ndani ya msingi," alisema Jenipha.

Jaji akaona jibu linatosha. Nyangwine alipewa glasi. Alikunywa yote, akapangusa sharubu, akasema utafiti ni mzuri na matokeo yamekubaliwa. Ni wazi, alisema, kwamba ng'ombe alikuwa wa mzee Kisyeri, na shule inamshukuru sana mzee kwa mchango wake. Watu walipiga makofi.

Kisyeri alisimama. "Sikuchangia. Alichukuliwa."

"Sawa mzee, lakini si umeyaona matunda?"

"Mke wangu hakuyaona."

"Poleni sana kwa hilo," alisema Nyangwine, akamgeukia mkuu wa shule. Alielekeza kwamba kwa kuwa bomba halitoi bila ngozi, ngozi hiyo kuanzia leo ni kifaa cha maabara, isitoke nje. Mtu aliletwa na kopo la rangi nyeupe, akaandika namba upande wa manyoya. Rangi ilipita juu ya baka jeusi, shingoni.

Scholastica alinyoosha mkono, kama alivyofundishwa.

"Nina swali moja limebaki kwenye utafiti," alisema. "Siku ile Joram alikupigia simu kutoka zizini kwetu. Alikwambia mama anakula nini?"

Ukuta ulikuwa unacheua polepole.

"Simu ni nyingi, binti yangu," alisema Nyangwine. "Mimi nitakumbuka ipi? Muulizeni aliyepiga."

Watu walimgeukia Joram pale mlangoni. Joram aliuchezea ufunguo.

"Mimi nilikuwa natekeleza," alisema.

Mwongoza shughuli akasema muda hauko upande wetu, naye mgeni rasmi akaenda meza ya pili, kwa vijana waliotengeneza sabuni ya mafuta ya ng'ombe. Scholastica na Jenipha walipata nafasi ya pili. Sabuni ilipata ya kwanza.

Maziwa yanaendelea hadi leo. Wanafunzi wanayanywa na uji saa nne, na kila Ijumaa dumu moja linapakiwa kwenye gari na kupelekwa kwa mgeni rasmi. Mwalimu Mayunga anayatumia kufundishia, maana tangi bado liko njiani. Kijiji sasa kinajenga bweni. Kila kaya imepangiwa siku yake ya mawe, na mbuzi wawili wameshafungwa kwenye nguzo ya bendera, wanalia. Siku ya kaya yake ilipofika, Kisyeri aliyasomba mawe yake mwenyewe, kwa kichwa, akipumzika kila alipofika kwenye kivuli.

Jioni anakwenda maabara, kwa sababu ngozi haiwezi kuja kwake. Joram anamwamkia, anamfungulia, anasimama mlangoni. Kisyeri anachuchumaa, anasema maneno yake, kwato linapiga, kikombe kinajaa. Anapotoka hupita karibu kabisa na yule kijana, ambaye sasa naye ana mvi mbili tatu, na humuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka tena, kama anavyomuuliza kila siku:

"Joram, mura, siku ile kwenye simu, ulimwambia Wegesa anakula nini?"