Gauni la Likizo ya Kwanza

Binti yangu alinitumia vipimo kwa simu kutoka chuoni, nikamshonea gauni. Alipokuja likizo ya kwanza akalivaa, likamning'inia kama limetundikwa msumarini. Jamani! Mimi fundi mzima, nawavisha maharusi wa mtaa huu wakapendeza, leo nishindwe na mtoto niliyemzaa mwenyewe?

Nikatia pini mdomoni, nikachukua futi, nikampima kiuno upya. Hapo nikaelewa. Vipimo alivyonitumia vilikuwa vya siku aliyoondoka nyumbani.

"Kumbe umenidanganya!" nikafoka huku nimezing'ata pini. "Huko huli?"

"Tangu masomo yaanze chakula hakipiti, mama. Hata usingizi wenyewe wa kuvizia."

"Na ukanyamaza, mwanangu? Simu si nakupigia kila siku?"

Akainamisha kichwa, akawa anachezea pindo la gauni.

"Unapiga, mama. Unauliza mitihani inaendaje, unaniambia nikaze buti, unakata. Hujawahi kuniuliza kama nimekula."

Nikazitema pini kiganjani ili nimjibu. Badala yake nikamuuliza, "Leo umekula nini, mwanangu?"